Nguvu ya Mguu na Somo la Mwendo

Katika vijiji vyetu mtu hutambuliwa kwa mwendo wake kabla uso wake haujaonekana. Mama aliyekaa barazani, giza likiwa limekwisha kuingia, husikia mtu anakuja njiani akasema, "Huyo ni fulani, mfungulieni mlango." Hajamwona, amesikia nyayo tu. Nami kwa miaka niliyokaa katika chuo cha ualimu, kwanza nikiwa mkufunzi na baadaye mkuu wa chuo, niliweza kukaa ofisini mlango umefungwa na kujua ni mwanachuo gani anayepita nje. Yupo aliyeburuta ndala, yupo aliyekanyaga kwa kisigino kama mtu anayetwanga, na yupo aliyepita upesi upesi kama mwenye deni na ofisi yangu.

Je, mwendo huo wa mtu hubadilika akiijenga misuli yake? Swali hili si la madaktari peke yao. Siku hizi vijana wengi hufanya mazoezi ya nguvu. Mijini wanalipia jimu, na mitaani wamejitengenezea vyuma vyao kwa bomba na makopo yaliyojazwa zege. Wengine wanatafuta afya, wengine umbo, na wengine wameambiwa kwamba wakiwa na miguu yenye nguvu watatembea vizuri zaidi. Swali hili liliingia nyumbani kwangu bila kubisha hodi, na jibu nililolipata lilinirudisha katika somo nililolifundisha kwa zaidi ya miaka 30. Nimeona nimshirikishe msomaji.

Tuanze na kutembea kwenyewe. Ni kazi tunayoifanya bila kuifikiria, ndiyo maana ni wachache wanaojua ilivyo na sehemu nyingi. Chukua mguu wa kulia peke yake. Tangu kisigino chake kiguse ardhi mpaka kitakapoigusa tena ni mzunguko mmoja. Katika mzunguko huo unyayo huwa chini kwa takriban asilimia 60 ya muda, na hewani kwa asilimia 40 iliyobaki. Mguu wa kushoto nao una hesabu hiyo hiyo. Kwa hiyo vipo vipindi viwili vifupi ambapo miguu yote miwili iko chini, na muda mwingine wote mwili mzima umebebwa na mguu mmoja. Mtu anayetembea, basi, ni mtu anayesimama kwa mguu mmoja maelfu ya mara kwa siku.

Kila kundi la misuli lina zamu yake, kama walimu wa zamu shuleni. Misuli ya mbele ya muundi huinua vidole visijikwae, kisha huushusha unyayo polepole baada ya kisigino kugusa chini. Misuli ya mbele ya paja hulishika goti lisijikunje mwili unapoliegemea. Misuli ya ubavuni mwa nyonga hukishikilia kiuno kisianguke upande ambao mguu uko hewani. Mwishoni mwa hatua misuli ya shavu la mguu husukuma, na mwili ukaenda mbele. Asipokuwepo mwalimu wa zamu mmoja, shule haifungwi, ila wengine hulazimika kuibeba kazi yake, na mgeni akiingia hutambua mara moja kwamba mambo hayaendi sawa.

Daktari mpasuaji wa Kijerumani, Friedrich Trendelenburg, alilieleza jambo hili vizuri mwaka 1895. Aliwachunguza watu waliozaliwa na nyonga zilizoteguka, ambao walitembea wakiyumba kama bata. Alionyesha kwamba kuyumba kule kulitokana na misuli ya ubavuni mwa nyonga kushindwa kukishikilia kiuno. Kipimo chake ni rahisi na hospitali bado zinakitumia: msimamishe mgonjwa kwa mguu mmoja, umtazame kwa nyuma. Kiuno kikishuka upande wa mguu ulioinuliwa, udhaifu uko katika nyonga ya mguu aliousimamia.

Kipimo hicho nilikiona kwa macho yangu kikifanyiwa mjukuu wangu. Alikuwa na umri wa miaka 22, mwaka wa pili katika chuo cha ualimu, alipoanguka na pikipiki akavunjika mfupa wa muundi wa mguu wa kushoto. Akafungwa plasta ngumu, ile ambayo vijana huiita hogo, kutoka unyayoni hadi juu ya goti. Baada ya miezi mitatu ikakatwa. Picha ilionyesha mfupa umeunga vizuri, nasi tukamshukuru Mungu.

Lakini mguu uliotoka ndani ya plasta ulikuwa mguu wa mtu mwingine. Nilichukua utepe wa fundi cherehani nikapima mapaja: la kushoto lilikuwa limepungua sentimita 5. Msuli usiofanya kazi hupungua upesi. Wiki chache tu zinatosha. Kijana alitembea akilaza kifua juu ya mguu mbovu kila alipoukanyaga, goti limekakamaa, kidole gumba kimeelekea nje. Mama yake alijifungia chumbani akalia.

Akaenda kwenye mazoezi ya kufundisha akiwa hivyo hivyo. Alipewa darasa la tatu. Siku moja alikuwa akitoka mlangoni kwenda ubaoni, akageuka ghafla, akamwona mtoto mmoja nyuma yake anatembea kama yeye, kifua kimelala upande, na darasa zima limeziba midomo kwa mikono. Watoto hawakuwa na ubaya. Mtoto huiga kila kitu, na hiyo ndiyo njia yake ya kujifunza. Lakini kijana wetu aliporudi Ijumaa alinisalimu, nikaitikia marahaba, kisha akakaa kimya muda mrefu.

"Babu," akasema, "ualimu ni kazi ya watu wanaosimama. Mimi nitafute kazi ya kukaa."

Barua ya kuacha chuo alikuwa ameshaiandika. Imebaki sahihi tu. Baba yake naye alikuwa amekwisha kumwombea nafasi katika duka la ndugu yake. Nikamwambia, "Mjukuu wangu, barua hii niachie mimi niitunze mpaka mwisho wa muhula. Ukiitaka siku hiyo nitakupa, na kalamu juu." Akakubali, si kwa kuwa aliamini, bali kwa kuwa hakutaka kubishana na mzee.

Jumatatu tukaenda hospitali, katika chumba cha mazoezi ya viungo. Tulipokelewa na mtaalamu wa fiziotherapia, dada mmoja mpole mwenye sauti ya mwalimu wa kike wa zamani. Akamsimamisha kijana kwa mguu wa kushoto. Kiuno kikashuka upande wa kulia kana kwamba kuna mtu amekivuta. Akamwambia asimame kwa mguu mmoja na kuinua kisigino: kwa mguu mzima aliinua mara 25, kwa ule mbovu mara 4, ya tano ikamshinda. "Mfupa umepona," dada yule akasema, "misuli ndiyo inayougua."

Mazoezi yakaanza: kulala ubavu na kuinua mguu, kukaa kitini na kusimama bila kushika kitu, kupanda kidato kimoja cha ngazi na kushuka, kuinua visigino. Vyuma hatukuwa navyo nyumbani. Tulifunga mfuko wa mchanga juu ya kifundo cha mguu, na kila wiki tuliongeza vijiko kadhaa. Njia hii ya kuongeza uzito hatua kwa hatua ina historia yake. Thomas DeLorme, daktari wa jeshi la Marekani wakati wa Vita Kuu ya Pili, alikuwa na wodi za askari vijana waliovunjika mapaja na kuumia magoti. Badala ya kuwapa kazi nyepesi isiyokwisha, aliwapa uzito wa kutosha na kuuongeza kadiri walivyopata nguvu, akachapisha matokeo yake mwaka 1945. Mwaka 1948, akiwa na mwenzake Arthur Watkins, alipendekeza mafungu matatu ya mara kumi kumi: la kwanza kwa nusu ya uzito ambao mtu anauweza, la pili kwa robo tatu, la tatu kwa uzito wote. Mwalimu yeyote atautambua mpango huo. Ndivyo tunavyopanga somo: anza na anachokiweza mwanafunzi, ongeza kidogo, usiruke darasa.

Jambo lililonishangaza ni kwamba katika wiki za mwanzo nguvu ziliongezeka, lakini utepe wa fundi cherehani haukuona mabadiliko. Dada wa mazoezi akanieleza kwamba mwanzoni nguvu hutoka kwenye mishipa ya fahamu. Ubongo unajifunza upya kuiita misuli iliyopo, hata ile iliyokuwa imelala. Msuli kunenepa ni jambo la baadaye. Nikaelewa vizuri kabisa. Ni kama darasa ambalo nusu ya wanafunzi wamesinzia: mwalimu mzuri huwaamsha waliopo kabla ya kuomba aongezewe wengine.

Baada ya wiki kumi kijana aliinua kisigino cha kushoto mara 22. Kiuno kilibaki sawa aliposimama kwa mguu mmoja. Tofauti ya mapaja ilikuwa sentimita 1. Nguvu zimerudi. Lakini alipoondoka kwenda zake, tulimwona bado analaza kifua, bado anachechemea. Mama yake akasema, "Mguu umepona, mwendo bado ni wa mgonjwa." Kijana mwenyewe alikata tamaa kuliko mwanzo, kwa sababu mwanzo alikuwa na tumaini la mazoezi, na sasa mazoezi yamefanyika. Akaniuliza kuhusu barua yake.

Hapo ndipo somo la zamani liliponijia. Katika saikolojia ya elimu tuliwafundisha walimu wanafunzi habari za Wamarekani wawili, Edward Thorndike na Robert Woodworth. Zama zao wengi waliamini kwamba akili ni kama msuli: mfundishe mtoto Kilatini, hata kama hatakitumia, na akili yake itapata nguvu kwa kila kazi nyingine. Mwaka 1901 wawili hao walichapisha majaribio yaliyoitia shaka imani hiyo. Walionyesha kwamba kujifunza jambo moja humsaidia mtu katika jambo jingine kadiri mambo hayo mawili yanavyofanana kwa sehemu zake. Mtu hujifunza kile anachokifanya. Basi kumbe hata msuli wenyewe, uliotumika kama mfano wa akili, haukwepi kanuni hiyo!

Na si maneno yangu tu. Mwaka 2011 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya vijana wa kike wenye afya, wakimbiaji, waliofanya mazoezi ya kuimarisha nyonga kwa wiki 6, pamoja na kufundishwa kuchuchumaa vizuri kwa mguu mmoja. Nguvu za nyonga ziliongezeka. Kuchuchumaa kwao kukawa bora, kwa kuwa walikufundishwa. Lakini walipopimwa wakikimbia, mtindo wao wa kukimbia ulikuwa ule ule. Walikuwa wamepata nguvu mpya, wakaitumia kwa mazoea ya zamani. Kukimbia na kutembea ni kazi mbili, lakini mazoea ni mazoea.

Mjukuu wangu naye alikuwa na mazoea yake. Miezi ile ya plasta, magongo na maumivu ilikuwa imeufundisha ubongo wake kuchechemea, na ulikuwa umefaulu somo hilo. Maumivu yalipoondoka, hakuna aliyeuambia kwamba muhula umekwisha. Dada wa mazoezi alilijua hili tangu mwanzo. "Sasa," akasema, "tunaanza kutembea."

Kazi ile ilifanyika kwenye baraza yangu ya saruji. Kijana alilowesha nyayo ndani ya beseni, akatembea kwenye saruji kavu, nami nikapiga magoti na rula yangu ya mita, ile ya mbao ya ubaoni, nikapima kabla jua halijakausha. Hatua ya kushoto sentimita 58; hatua ya kulia sentimita 44. Ajabu ni kwamba hatua fupi ilikuwa ya mguu mzima. Sababu yake ni rahisi. Mguu wa kulia unapokwenda mbele, mwili umesimama juu ya wa kushoto. Naye aliukimbia ule wa kushoto kana kwamba bado unauma, akautupa wa kulia chini mapema. Alipoziona namba zile mwenyewe alicheka, mara ya kwanza baada ya wiki nyingi. Kasoro iliyokuwa aibu ilikuwa sasa hesabu, na hesabu huwa na njia ya kuikokotoa.

Tukachora mistari ya chaki kila sentimita 55. Akatembea polepole akihesabu kwa sauti, moja, mbili, moja, mbili, urefu wa "moja" uwe sawa na wa "mbili". Akajifunza kukaa juu ya mguu wa kushoto mpaka mwisho wa zamu yake, na kuusukuma kwa vidole kabla ya kuuinua. Mwenda pole hajikwai. Alipoweza polepole, akaongeza kasi. Alipoweza kwa kasi, dada wa mazoezi akatoa sharti ambalo mimi, mwalimu wa walimu, nililivulia kofia: atembee huku akili yake iko kwenye jambo jingine, kwa kuwa darasani hatahesabu hatua. Basi akawa anatembea barazani huku ananifundisha hesabu za darasa la tatu, nami nikijifanya mwanafunzi mtundu anayeuliza maswali nje ya somo. Kila alipokasirika, kifua kililala. Tukarudia mpaka nikamkasirisha na kifua kisilale.

Baada ya miezi miwili saruji ilisoma 56 na 54. Alirudi kwenye mazoezi ya kufundisha, akamaliza chuo, na leo anafundisha shule ya msingi. Jioni akichoka kifua bado huinama kidogo upande wa kushoto. Barua yake aliichukua mwisho wa muhula kama tulivyopatana, akaichana mwenyewe bila kuomba kalamu.

Asije mtu akasema basi mazoezi ya nguvu yalikuwa kazi bure. Wiki ile ya kwanza kabisa dada yule alijaribu kumwambia asimame kikamilifu juu ya mguu wa kushoto, na mguu ulitetemeka kama unyasi. Hakuna mwalimu anayeweza kuufundisha mwendo mguu usioweza kubeba mwili. Lakini nguvu nazo hazikujifundisha zenyewe. Nguvu ni mtaji, na mtu mwenye mtaji bado anahitaji kujifunza biashara.

Tazama pia wanawake wa Kijaluo na wa Kikikuyu nchini Kenya, ambao watafiti waliwapima na kuchapisha matokeo mwaka 1986. Wajaluo walibeba mizigo kichwani, Wakikuyu mgongoni kwa kamba iliyopita kwenye paji la uso. Walibeba mpaka asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila kutumia nishati zaidi ya waliyoitumia kutembea mikono mitupu. Utafiti mwingine wa mwaka 1995 ulionyesha siri yao: chini ya mzigo, miili yao iliyumba mbele juu ya mguu kwa ustadi zaidi, kama mshindi wa saa unavyokwenda na kurudi, ikapoteza nishati kidogo. Siri hiyo ilikuwa katika ufundi wa hatua, uliojengwa kwa miaka ya kubeba.

Nasi tuliopita JKT miaka ya 1970 tunao ushahidi wetu. Tulikimbia mchakamchaka alfajiri, tukabeba magogo, tukapiga gwaride mpaka hatua za kombania nzima zikasikika kama hatua moja. Tulirudi makwetu na mapaja kama vinu. Baada ya mwezi mmoja kila mtu alikuwa amerudia mwendo wa kwao, na mama zetu wakatujua njiani kama zamani.

Kwa kijana mwenye afya ninasema hivi. Mazoezi ya nguvu hayatakupa mwendo mpya, wala huuhitaji. Yatakupa mguu usiochoka mapema, goti linalolindwa mlimani, na akiba ya uzeeni. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2020 linapendekeza watu wazima wafanye mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku 2 kwa wiki. Mimi niliyevuka miaka 70 najua akiba hiyo inavyotumika: huitoa kila ninapoinuka kwenye kiti cha chini.

Na kwa mzazi ambaye mtoto wake ametolewa plasta, usidhani picha ya mfupa ndiyo cheti cha kumaliza. Ipo kazi ya nguvu, na baada yake ipo kazi ya mwendo, na kila moja ina wiki zake. Ukimwambia kijana "tembea vizuri" hujamfundisha kitu. Mwonyeshe ni hatua ipi iliyo fupi na kwa sentimita ngapi, umpe mahali pa kujaribu pasipo na wa kumcheka, kisha mvumilie.